Uzito wa Pua

Tangu walipomchukua Clément, fundi wa redio, kwa sababu ya waya mrefu juu ya paa lake, Wivine aliacha kumsalimia Mama Musonda, mke wa Clément. Haikuwa chuki. Mama Musonda alipopita na ndoo yake, Wivine aliinamia mboga zake akajifanya anatafuta wadudu. Majirani wote katika mtaa wao, ulioitwa Kenya, walifanya vivyo hivyo. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya vita ya waasi kule Kolwezi, na nyumba iliyochukuliwa mtu ilikuwa kama nyumba ya mwenye ukoma: hata kivuli chake watu walikiruka.

Na ndani ya nyumba yake mwenyewe, juu ya meza waliyolia bukari, ule ugali wao, mumewe alikuwa anaunda ndege ya vita.

Adalbert alikuwa fundi mitambo katika karakana ya kiwanda cha shaba. Jina hilo lilitajwa nyumbani tu, tena kwa sauti ya chini, maana Chama tawala kilikuwa kimepiga marufuku majina ya ubatizo. Kazini aliitwa sitoyen Kasonde, yaani raia Kasonde. Sanduku la ndege aliachiwa na injinia Mbelgiji aliyerudi kwao, likakaa juu ya kabati miaka sita. Ndani mlikuwa na vipande vya mfano wa Harikeni, ndege ya wakati wa Hitler, ambayo ikishaungwa ingekuwa na mabawa mapana kama mikono ya mtu mzima aliyeinyoosha. Mlikuwa na injini ndogo kama ngumi, na redio ya kuiongozea kutoka chini, yenye antena ya kuvuta.

"Antena, Adalbert," alisema Wivine. "Clément balimukamata juu ya waya tu."

"Clément hakukuwa na ruhusa. Miye niko nayo. Numbi mwenyewe alisema."

"Alikupa karatasi?"

"Neno ya Numbi njo karatasi."

Numbi alikuwa katibu wa Chama wa mtaa, jirani yao wa nyumba ya tatu, mwenye koti lililofungwa hadi shingoni hata wakati wa joto. Alipoiona ndege mara ya kwanza alipiga makofi.

"Sitoyen Kasonde! Tarehe makumi mbili ya Mei, siku kuu ya Chama, itapita mbele ya bakubwa! Paka rangi ya majani, andika jina la Chama chini ya mabawa."

"Na ikianguka?" aliuliza Wivine.

"Ikianguka, mama, ni ya bwana yako. Ikipaa, ni yetu shiye bote!"

Numbi alicheka mpaka akashika mlango. Wivine hakucheka.

Mchwa walikuwa wamekula mkia wote na nusu ya mbavu za mabawa. Adalbert alichonga mbavu mpya kutoka mbao za makasha ya matunda, akazifunika kwa kitambaa cha hariri ambacho Wivine alijifunga kichwani siku ya harusi yao. Wivine alikitoa mwenyewe. Hakuwa amemwona mumewe akiimba peke yake kwa muda mrefu, na sasa alikuwa akiimba kila jioni, gundi vidoleni, na mafuta ya mbarika ya ile injini yakiinukisha nyumba kama zahanati ya masista.

Kazi ya mwisho ilikuwa kupima. Aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Mkia ukashuka. Mbao za makasha zilikuwa nzito kuliko zile zilizoliwa.

"Ndege ya mukia muzito ni kama mulevi," alisema. "Inainua kichwa, inayumba, inaanguka chali. Pua inaomba uzito."

Pale karakanani risasi, ile metali nzito, ilijaa pipa zima la takataka. Lakini getini walinzi walipekua kila mfuko, na Adalbert, kwa miaka kumi na minane, hakuwahi kutoka hata na msumari wa kampuni. Alizunguka nyumba akitafuta. Aliingia chumbani, akatoka. Asubuhi ndege ililala sawasawa juu ya vidole vyake, kama njiwa aliyesinzia, na pua ilikuwa imefungwa kwa skrubu nne.

Siku kuu ilipofika, Adalbert alitangulia uwanjani. Wivine alibaki kujipamba. Alifungua kopo alimoweka hereni zake, akakuta kitu kimepungua.

Misalaba yake ya shaba haikuwamo. Ilikuwa mitatu, midogo, kila mmoja ungeenea kiganjani mwa mtoto. Ukoo wa Adalbert uliitoa pamoja na mahari, kwa kuwa baba yake Wivine, kule Pweto, alisema binti yake hataondoka bila shaba ya wazee. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya nchi.

Wivine akaketi kitandani. Misalaba mitatu ya shaba ndiyo pia iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga, ile miaka Katanga ilipojitenga. Watu walikuwa wameichoma bendera hiyo, wameizika, wamemeza hata jina lake. Hakuna aliyethubutu kuchora misalaba mitatu pamoja hata mavumbini kwa kijiti. Na mumewe alikuwa ameifunga ndani ya pua ya ndege ya vita, ili ipite juu ya vichwa vya wakubwa. Aliiweka mkononi akaona uzito, basi.

Alikimbia bila hereni.

Uwanjani ngoma zilikuwa zimeanza. Adalbert alisimama karibu na goli, ndege miguuni pake, redio kifuani. Hatua kumi kutoka kwake, mtu wa usalama mwenye miwani myeusi alikuwa anafungua vikapu vya wanawake, kimoja kimoja.

"Mama Kasonde!" alisema Numbi. "Usiogope, ni kuangalia kidogo tu. Batafungua tumbo ya ndege, batafungua pua, kisha itapaa."

Wivine alimsogelea mumewe, akamwambia sikioni, kwa Kibemba, kilichokuwa puani na maana yake. Adalbert akagusa skrubu za pua.

"Nilitafuta uzito tu," alinong'ona Adalbert.

"Itoe."

"Nikitoa, itaangukia bakubwa pale jukwaani. Batasema nilitaka kubaua."

Mtu wa miwani alifunga kikapu cha mwisho.

Adalbert aliitazama ndege yake kama mzazi anavyomtazama mtoto anayepelekwa kwa ndugu wa mbali. Kisha akainama, akaipiga propela kwa kidole. Injini ikalia.

"Weye! Ngoja!" alipiga kelele mtu wa miwani.

"Ni kujaribu tu, chef, mukubwa yangu!"

Ndege ilikimbia juu ya udongo mwekundu, ikaachana nao. Haikuyumba. Ilipanda, ikapinda, ikapita juu ya jukwaa na jina la Chama chini ya mabawa, na wakubwa wakapiga makofi, na Numbi akaruka kama mtoto. Kwa muda wa pumzi mbili hata Wivine alisahau hofu, maana kitambaa cha harusi yake kilikuwa kinaruka angani. Halafu ndege ikaelekea ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru la kiwanda cha shaba, na haikurudi.

"Pindisha, sitoyen! Pindisha!" alipiga kelele Numbi.

"Haisikii," alisema Adalbert. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya redio, na machozi yalimshuka.

Ndege ikawa inzi, kisha ikawa si kitu.

Jioni ile mtu wa miwani alikuja nyumbani na kipande cha bawa la kijani, akakilaza juu ya meza taratibu.

"Bawa tulipata. Mukia tulipata. Pua, bado." Alimtazama Adalbert. "Minapenda sana kuona pua ya ndege inayokataa kurudi. Usitoke Kenya."

Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Chama, hawakufagia barabara. Waliamriwa kulima majani chini ya mlima mweusi, kule ndege ilikoangukia. Walipangwa mstari mmoja, jembe kwa jembe. Hakuna aliyetaka kusimama karibu na mke wa Kasonde. Kushoto kwake palikuwa wazi. Kulia alikuja mtu mmoja, na Wivine hakuthubutu kuinua macho, maana aliijua miguu ile: ilikuwa ya Mama Musonda.

Walikwenda hivyo mpaka jua likapanda. Kisha jembe la Mama Musonda likasita. Mbele ya mguu wake palikuwa na propela iliyovunjika na mbao zilizopasuka, na kati yake misalaba mitatu, myekundu, ikimeta.

Mama Musonda alimtazama Wivine. Machoni mwake mlikuwa na siku zote zile ambazo hakusalimiwa.

"Kuko nini pale?" iliuliza sauti ya mtu wa miwani nyuma yao.

Jembe likainuliwa. Lilishuka mara moja, mara mbili, likageuza bonge la udongo na majani yake, na Mama Musonda akalikanyaga kwa mguu.

"Kiota ya panya, chef!"

"Panya tu?"

"Panya na batoto yake! Nikufungie ukakule na bukari?"

Watu walicheka, mstari ukasogea. Baada ya hatua chache, bila kugeuza kichwa, Mama Musonda alisema kwa sauti ya chini: "Jambo, Wivine."

"Jambo yenu, mama," alijibu Wivine.

Aliendelea kulima, akisikiliza viatu vya yule mtu nyuma yao. Vilikuwa vimesimama pale pale jembe lilipopiga, na bado havijaondoka.