Sentensi ya Mjane

Mwalimu wetu wa Kiingereza hapa kiwandani ana mtindo wake: kila mtu humpa neno analoona linamfaa, alitungie sentensi. Mpishi wa kantini alipewa la njaa. Mlinzi wa geti akapewa la usingizi, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mimi mjane akanipa "lonely", yaani mpweke. Hapo sikucheka.

Sentensi iwe ya kweli, ikuhusu wewe mwenyewe, na hakuna kukanusha. "Ukikanusha umelikwepa neno," husema.

Na siku ile haikuwa ya mchezo. Kiwanda kilitaka msimamizi wa chumba cha cherehani, na huwezi kupewa kazi hiyo bila kupita mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Nimeshona kola miaka kumi na tatu. Wasimamizi watatu nimewafundisha kazi mimi, wakapanda, nikabaki na kola zangu. Nafasi hii niliitaka, jamani, niliitaka mpaka chakula hakipiti.

Nyuma yangu alikaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, fundi wa vifungo. Tangu msiba anakihadithia kiwanda kizima jinsi ninavyoteseka. "Maskini, nyumba nzima yeye na paka." Hata paka sina.

"Haya mama, simama," mwalimu akasema. "Yako nyepesi. Mume wangu amefariki, mimi ni mpweke. Iseme kwa Kiingereza, umepita."

"Si kweli," nikamwambia.

"Mama, ni mtihani tu."

"Sheria ni yako, mwalimu. Umesema iwe ya kweli."

Wifi akaninong'oneza, "Sema tu, wifi, usijiharibie. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Damu ikanichemka. Anajua nini? Kwamba naimba jikoni? Kwamba nalala katikati ya kitanda? Ningeweza kuusema uongo ule nikachukua cheo changu, halafu kila siku wifi anipigepige bega kwa huruma. Thubutu!

Nikavuta pumzi, nikaitoa sentensi yangu neno moja moja: "I was lonely when my husband was alive."

"Nilikuwa mpweke mume wangu alipokuwa hai," mpishi akaifasiri kwa sauti, haamini masikio yake. Mwalimu akavua miwani.

"Mama, karatasi hii inakwenda kwa meneja. Tuibadilishe kidogo?"

"Ina kosa?"

"Haina."

"Basi iandike ilivyo. Ukinifelisha, nifelishe kwa hiyo hiyo."

Akaandika. Akakaa akiitazama, kisha akaweka tiki.

Wifi akanidaka kwenye ngazi, macho mekundu, sauti juu. "Umemdhalilisha kaka yangu mbele za watu! Alikupiga? Alikunyima chakula? Sema, alikufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu, wifi," nikamjibu, na wala sikushusha sauti. "Miaka kumi na tisa nilimwekea chakula mezani, nikamuuliza habari za kutwa. Angenijibu siku moja tu, leo ningesema hiyo sentensi mnayoitaka."