Bei Baada ya Kumeza

"Hapa nimepigwa! Wali na njiwa mmoja ndiyo bei hii? Huyo njiwa alipanda ndege?"

"Kaka, punguza sauti kwanza."

"Sipunguzi! Simu inarekodi, watu wote waone!"

Anayebwata ni mgeni wa Jakarta, nimemleta mwenyewe kwa baiskeli yangu ya abiria. Anayebwatiwa ni Bu Tumirah, anauza chai na wali wa kufungwa kwenye majani, wateja wanakaa mkekani pembeni ya barabara hapa Yogya. Wiki ya Lebaran, yaani Idi, mji umefurika.

Halafu jamaa akalitamka: nuthuk. Nikajua kwisha habari. Neno hilo likisikika kwenye video, kesho watu wa manispaa wanakuja kukunja mkeka wako, na ndio basi tena. Nuthuk si ghali. Ghali unaambiwa mapema, unakubali au unasepa. Nuthuk unatajiwa bei ukishameza, kama nyundo ya kisogo.

Na mama wa watu hana kosa. Njiwa katoka kwa jirani yake wa biashara, Parjo, na bei kaitaja Parjo. Hapa kwetu ukikaa mkeka wa mtu unaagiza popote, ila mwenye mkeka ndiye anapokea malipo yote. Nikafungua mdomo niseme. Bu Tumirah akanikata jicho. Nikaufunga.

"Kaka, taja mwenyewe ulichokula."

"Wali, njiwa, chai ya barafu."

"Na pilipili?"

"Kwani na hiyo inalipiwa?"

"Hailipiwi. Nilitaka usisahau ilikuwa tamu."

Watu wakaangua kicheko. Bu Tumirah akatoa hela mfukoni mwake, akamrudishia mgeni mpaka ikabaki bei ya siku zote.

"Umekaa kwangu, umepigwa kwangu. Unisamehe."

Parjo hakumtaja kabisa. Mimi ningemtaja mpaka ukoo wake. Jamaa akafuta video mbele yetu.

Alipoondoka, Parjo akaja anachekacheka. "Dada, si ungemwacha tu? Lebaran yenyewe mara moja kwa mwaka!"

"Mkeka wangu upo mwaka mzima. Sahani yako isikanyage tena hapa."

"Dada! Wateja wangu wakale wapi?"

"Waambie bei kwanza. Wakiikubali, watakaa hata juu ya mawe."

Parjo akanigeukia mimi, eti nimtetee.

"Usiniangalie," nikamwambia. "Mimi ningekumwagia chai."

Parjo akaokota sahani yake yenye mifupa ya njiwa, akageuka, akaenda zake.