Ukuta wa Kiwanda cha Pampu

Miaka yote ya ndoa yao, mkereza vyuma na mumewe waliondoka nyumbani pamoja, wakaingia lango moja la kiwanda, kisha kila mmoja akashika njia yake: mke kushoto mwa ukuta uliokigawa kiwanda, mume kulia. Zamani kiwanda kilipotengeneza makombora ya mizinga, sheria ilikuwa hiyo: usijue kazi ya upande wa pili, na kipimo chako usimtajie hata unayelala naye kitanda kimoja. Mume aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili, mpaka dada yake akambandika jina la Bubu. Dada mwenyewe aliitwa Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Vita vilipoisha, amri ikatoka kwamba kiwanda kitengeneze pampu za maji. Mkereza alilia kwa furaha. Alikuwa amechoka kusikiliza taarifa za vita huku akijiuliza ni kombora lipi lilipita mikononi mwake. Basi makombora yakaondoka, ukuta ukabaki, na mlinzi wake mlangoni, na sheria ile ile. Pampu ya maji, jamani, kitu cha kusimama barabarani kila mtu akakiona, nayo ikafanywa siri ya taifa.

Ya kwanza ilisimikwa mtaani kwao. Ukikandamiza mpini, ilikohoa, ikatema maji ya kujaza kikombe, ikanyamaza.

"Wifi," Redio akamwambia mbele ya foleni ya ndoo, "mabomu yenu yalikuwa yanafika. Maji ndiyo yanawashinda?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu mkuu wa kiwanda alishatangaza kwamba wageni kutoka wizarani wangekuja kuiona pampu hiyo, na ikishindwa, mashine zinarudi kwenye makombora. Wafanyakazi hawa, alisema, hawawezi kingine. Mkereza hakutaka kuirudia kazi ile hata kama angelala njaa.

Akamvuta mumewe, wakaenda na spana, wakaifungua pampu. Silinda aliitambua mara moja, ni yeye aliyeikereza. Bubu naye akaitambua pistoni, ni kazi yake. Mkereza akaitumbukiza moja ndani ya nyingine, ikacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Kumbe walikuwa wakilala kitanda kimoja huku kila mmoja akiharibu kazi ya mwenzake.

Akamwomba mumewe amtajie kipimo. Bubu akairudisha pampu kama ilivyokuwa, akakusanya spana zake, akaondoka.

Asubuhi mkereza akaingia kwa mkuu wa kiwanda na kumweleza kwamba pande mbili zimepewa vipimo visivyooana. Mkuu hata hakuuliza ni vipimo gani. Alichouliza ni nani aliyemruhusu kuijua pistoni, akamwonya kwamba akirudia atajikuta nje ya lango. Na huyu ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwapa watu maji! Mkereza alitoka humo kwa hasira.

Jioni alimpakulia mumewe chakula, akaketi mbele yake.

"Silinda yangu ni milimita sabini na mbili," akasema. "Sasa umeshajua. Nenda kanishtaki."

Bubu akala mpaka akamaliza, akanawa mikono.

Siku ya wageni, mkuu alisimama kando ya pampu, uso umemkunjuka kama mtu aliyekwisha kushinda, makombora yake yanarudi. Mgeni mmoja akajaribu mpini, pampu ikakohoa. Ndipo Bubu akapenya kwenye foleni, akatoa pistoni mpya chini ya koti, yeye ambaye hakuwahi kutoka langoni hata na msumari. Akaifungua pampu, akabadilisha, akafunga. Mkewe akashika mpini. Maji yakaja kwa nguvu, yakajaza ndoo, yakawalowesha wageni viatu.

Mkuu akauliza, taratibu, kipimo hicho amekitoa wapi.

"Kwa mke wangu," Bubu akasema, na sauti yake ikawashangaza hata majirani. "Sabini na mbili. Mmesikia nyote? Sabini na mbili."

Redio alishaanza kuipeleka habari mwisho wa foleni.

Makombora hayakurudi. Pampu zinatengenezwa kwa kipimo hicho mpaka leo, ukuta upo, na mlinzi wake yupo. Mume na mke walifukuzwa wiki ile ile kwa kosa la kutoa siri ya kiwanda, siri ambayo mtaa mzima ulikuwa unaipikia na kuifulia nguo.