Mkono wa Mtu Usiiguse

Siku ilipotolewa kwenye kreti lake la mbao pale stesheni ya Same, watu walicheka. Pikipiki gani hii isiyo na mgongo? Kiti chake kilikuwa kidogo kama kigoda cha mtoto, matairi yana meno, na injini imeinuliwa juu kabisa, kama mwanamke aliyekunja kanga avuke mto. Kuli mmoja aliuliza kama kipande kingine kimebaki Tanga.

Ilitoka kwa marafiki wa kanisa, ng'ambo. Barua yao ilieleza kwamba huko kwao pikipiki za aina hii ni za mashindano ya kupanda mawe, polepole, na mpandaji akiweka mguu chini anahesabiwa kosa. Sasa walikuwa wanampelekea mkunga wa zahanati ya Mamba, apande mawe kwa kazi yenye maana. Mkunga huyo, Raheli, aliisoma barua mara mbili palepale kwenye vumbi la reli. Kisha akaikunja, akaitia kifuani.

Haikuwa barua ya kuchezea. Miaka miwili nyuma, wifi yake Asnath alishikwa na uchungu wakati Raheli yuko kijiji cha pili, mwendo wa saa nne kwa miguu. Wanaume walimbeba mgonjwa kwa machela kumkimbilia mkunga, na mkunga akashuka mbio kumkimbilia mgonjwa. Walipokutana kijitoni, machela ilikuwa imekwisha kuwekwa chini na wabebaji wamevua kofia. Raheli hakulia siku ile. Alikasirika, na hasira ile hakuiacha msibani, alikwenda nayo nyumbani akakaa nayo.

Tatizo ni kwamba kila chenye magurudumu kilichoingia wilayani kilipita kwanza mkononi mwa msimamizi wa magari, Novatus. Huyu alikuwa mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi na viatu vya kung'aa, hata mwaka ule wa sabini na nne, mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, wengine wote tulipokuwa tumepauka kwa njaa. Aliizunguka pikipiki, akaipiga teke tairi.

"Ndugu Raheli," alisema, "chombo kama hiki mlimani kitaoza. Kitatufaa hapa mjini kwa barua za ofisi. Na wewe, kusema kweli, ni mwanamke."

"Hilo nalijua tangu nizaliwe, ndugu. Barua inasema Mamba."

"Barua haijui kupanda mlima."

"Mimi najua. Nipe wiki tatu."

Watu wa stesheni walikuwa wanasikiliza, na Novatus hakupenda kuonekana mkali mbele ya watu. Akatoa karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: pikipiki itapanda kutoka Gonja mpaka mlango wa zahanati ya Mamba, mbele ya macho yake, bila kusukumwa, bila kubebwa, wala kuguswa na mkono wa mtu mwingine. Ikishindwa, ni mali ya ofisi. Wakatia sahihi wote wawili. Novatus aliondoka akipiga mluzi.

Raheli akaisukuma mpaka kwa fundi Bartholomeo, mzee aliyekuja kutoka Songea akiwa kijana kukata mkonge, akaishia kuwa daktari wa mashine za kusindika mkonge. Alikuwa na tabia ya kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho akasikiliza.

"Hii bado mtoto mchanga, mama," alisema. "Pistoni na silinda hazijajuana. Ukiikimbiza sasa zitachubuana, na haitapona tena maisha. Maili mia tatu za kwanza, taratibu. Kila maili kumi uiache ipoe. Na petroli yake uichanganye na oili nyingi kuliko kawaida."

Basi Raheli akaizoesha. Kila asubuhi aliteremka barabara ya Kisiwani, nusu ya mwendo, akibadilisha gia kwa zamu, akapumzika chini ya mgunga, akaondoka tena. Baiskeli za mkaa zilimpita. Utingo wa basi alichungulia mlangoni akapiga kelele, "Mkunga, hiyo umeikalia au unaiatamia?" Alimrudishia kwamba akitaka kujua, aje siku mkewe atakapojifungua. Jioni Bartholomeo alikaza kila nati iliyolegea, akalegeza mnyororo uliokaza, akachomoa plagi wakaitazama pamoja. Ikiwa nyeupe, mashine inaungua. Ikiwa nyeusi, inakula petroli kuliko hewa. Wiki ya pili plagi ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Siku moja Novatus alipita gereji, akaikuta inanguruma polepole. Bila hodi akashika mkono wa mafuta kwenye usukani, akauzungusha mpaka mwisho. Injini ikapiga yowe. Raheli aliruka, akamtoa ule mkono kwa kofi lililosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Nilitaka kuona nguvu yake!" alisema Novatus, anasugua vidole.

"Nguvu yake utaiona mlimani. Hapa usiiguse. Uliandika mwenyewe."

Bartholomeo aliinama chini ya tanki ili asionekane anacheka. Kisha akaiweka sawa kabureta, mzunguko kwa mzunguko, mpaka pikipiki ikawa inapumua vizuri kuliko sote. Akamfundisha Raheli kufungua kifuniko na kuitoa sindano ya ndani, yenye mikato mitano: ukiishusha, petroli inapungua; ukiipandisha, inaongezeka. "Ikikugomea njiani," alimwambia, "usiipige wala usiilaani. Iulize plagi."

Kosa lilikuwa hapo, na wala halikuwa la uzembe. Bartholomeo alikuwa ameishi chini ya milima ya Upare miaka thelathini na hajawahi kuipanda. Aliirekebisha pikipiki kwa hewa ya Same, nzito, ya joto. Hewa nyingine hakuijua.

Siku ya siku ilifika. Mpaka Gonja, Raheli alikwenda kama anayeteleza. Landrova ya Novatus ilimfuata mpaka barabara ilipokatika, na kutoka hapo kulikuwa na njia ya miguu tu. Pikipiki ya kupanda mawe haikimbii. Inatambaa, gia ya kwanza, kwa hiyo Novatus akaifuata kwa miguu, karatasi mkononi, na viatu vyake vya kung'aa. Saa ya kwanza alitoa maneno. Saa ya pili alitoa jasho tu.

Raheli alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, akiiacha ipande jiwe moja baada ya jingine. Alisikia furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka miwili. Njia hii aliijua kwa nyayo, na sasa nyayo zake hazikugusa chini. Migomba ikaanza, kisha mashamba ya tangawizi, kisha ubaridi. Na ubaridi ulipoanza, injini ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikapiga mlipuko, ikazima. Alipiga kiki mara kumi. Kimya.

Mbele yake kulikuwa na kipande kibaya kuliko vyote, mwamba wenye ngazi ngazi ambao watu huuita Meno ya Babu. Zahanati ilionekana pale juu, na bati lake linang'aa.

Ndipo pembe ikalia. Kila Mpare anaijua sauti ile: ni msaragambo, watu wote watoke, kuna kazi ya wote. Barabara zetu, mifereji yetu, shule, vyote vilichimbwa kwa pembe ile. Mwenyekiti wa kijiji, Tumainieli, alikuwa amewaweka watu tayari tangu asubuhi, na sasa waliteremka wanaume ishirini wakiimba, na machela mabegani. Ile ile.

"Shikamoo, baba mwenyekiti," Raheli alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike. Tumeshindwa kubeba nini sisi? Tutakibeba hiki kidudu mpaka mlangoni, kama tunavyobeba wagonjwa."

Novatus alifika akiwa anahema, uso umemtoka rangi, lakini aliyaona yale na akatabasamu. Akatoa kalamu. Mikono miwili ya upendo ilikuwa tayari imenyooshwa kwenye usukani.

"Msiiguse!" Raheli alipiga ukelele ambao hakuwahi kuutoa hata chumba cha kujifungulia. "Atakayeigusa ameninyang'anya! Rudini nyuma wote!"

Wimbo ukakatika. Shangazi yake Justa, aliyekuwa na kibuyu cha maji, alishika kiuno. "Raheli! Unafukuza msaragambo? Umekuwa nani wewe?"

"Mimi ndiye niliyemkuta Asnath kijitoni, shangazi. Mkiibeba leo, kesho itakuwa Same inabeba barua, na mtaendelea kubeba dada zenu kwa hiyo machela mpaka mchoke. Nipeni nafasi."

 Wanaume wakarudi hatua tatu, wameudhika.

Akachomoa plagi. Nyeusi, kama sufuria ya msibani. Inakula petroli kuliko hewa; lakini jana ilikuwa chai ya maziwa, na hakuna kilichobadilika! Alitamani kuitupa korongoni. Nyuma yake Novatus alikuwa ameketi kwenye jiwe, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Raheli alimtazama mara moja kwa chuki, mara ya pili kwa makini. Kila mgeni wa tambarare huhema hivi akifika hapa. Hewa ya huku ni nyembamba. Wazaliwa tumezoea. Lakini pikipiki nayo ni mgeni, imelishwa petroli ya Same kwenye hewa ya Mamba.

"Si mgonjwa," alisema kwa sauti. "Ameshiba mno."

Akaifunga petroli, akafungua kifuniko cha kabureta, akaitoa sindano. Vidole vya mkunga vimezoea kufanya kazi bila macho. Akaishusha mkato mmoja, akafikiri, akaongeza wa pili. Akaikwangua plagi kwa pini ya nywele, akaipangusa kwa upindo wa gauni. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikawaka, safi, moshi wa buluu kidogo tu.

Alipanda Meno ya Babu jiwe baada ya jiwe. Tairi la nyuma liliteleza mara moja, watu wote wakaguna, mikono ishirini ikanyooka, na mikono ishirini ikajizuia. Hakushusha mguu.

Novatus aliinuka haraka kumfuata. Soli ya kiatu cha mjini ikateleza juu ya mwamba, kifundo kikapinda, akaanguka chini kwa kishindo. Sasa wanaume wa msaragambo walikuwa wametoka nyumbani kubeba kitu, na si desturi yetu kurudi na machela tupu. Wakamlaza. Wakaanza wimbo upya, kwa raha zaidi kuliko mwanzo.

Walipofika, Raheli alikuwa mlangoni pa zahanati, bado yuko juu ya kiti kile kidogo, injini inanguruma.

"Soma karatasi yako, ndugu," alimwambia.

Novatus aliisoma moyoni, amelala chali.

"Iliguswa?"

"Haikuguswa."

"Na wewe je?"

Tumainieli alikohoa kwa muda mrefu. Novatus akatia sahihi palepale kwenye machela, kisha Raheli akazima injini, akashusha mguu. Alimvua yule bwana kiatu, akamfunga kifundo vizuri, kwa bendeji safi, kwa sababu kazi ni kazi.

Justa alikuja taratibu, ameshika mti mmoja wa machela, uliolainishwa na mabega ya watu. "Na hii, mwanangu? Tuichome?"

Raheli aliitazama. Aliujua ule mti. "Hapana. Isimamisheni hapo ukutani, karibu na pikipiki. Kila asubuhi nikipiga kiki, nataka isikie."