Mringaringa wa Mama

"Fredrick, umefanya nini?" Nilifoka hadi fundi wa jirani akazima mashine yake.

Mama aliuangusha mti wake wa mringaringa kule Vudee, milimani, ili nimtengenezee kiti. Mbao zilishuka mbichi kutoka kwenye baridi, joto la Same likazipinda. Nilimwambia huyu mdogo wangu akate kwanza vipande vya urefu wa kiti, ndipo apige randa, maana kipande kifupi hakina mpindo mkubwa wa kuondoa. Yeye kazipitisha mashineni nzima nzima, randa ikazila hadi zikanyooka. Mbao za inchi mbili sasa zilikuwa nyembamba kama jalada la kitabu cha nyimbo.

"Lakini kaka, si zimenyooka?"

"Zimenyooka! Zitambeba nani? Uvivu wako wa kushika msumeno umemaliza mti wa mama!"

Mama akaingia karakanani wakati huohuo, amechoka na safari. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Kiti changu kiko wapi?"

Akatazama huku na huku, kisha akaketi juu ya gunia la maranda ya mti wake.