Taka za Manang Crispina

Mie nimefukuzwa nyumba za watu kwa sababu nyingi. Muscat nilifukuzwa kwa kuunguza shati la bwana. Kensington, kwa kumjibu bibi. Wembley mwenye nyumba alinitoa kwa sababu mchuzi wangu wa papa ulimfuata mpaka kitandani kwake. Lakini kufukuzwa kwa kufagia kulinipata mara moja tu, Hounslow, siku tisa kabla ya mtihani wangu wa mwisho.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa hesabu, wa kuingia chuo cha uuguzi. Nilikwisha kuanguka mara mbili. Chuo kinakuruhusu mara tatu. Ukianguka ya tatu jina lako linafutwa, ukatafute jambo jengine la kufanya na maisha yako. Nilikuwa na miaka arubaini na nne. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nawaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee, na kila mzee akitaka kidonge ilinibidi nimwite nesi mwenye miaka ishirini na tatu, ambaye akifika ananiuliza mie, mzee fulani ndiye yupi. Nikaapa kidonge hicho nitakitoa kwa mkono wangu kabla sijazeeka nikapewa mie.

Mwalimu wangu alikuwa Crispina Agbayani, tuliyekuwa naye zamu moja kazini. Ukimwita Mfilipino atakusahihisha: yeye ni Mwilokano, mtu wa Ilocos, kaskazini kule, na kumwita Mfilipino tu, anasema, ni kama mie niulizwe kwetu wapi nijibu Afrika. Kwao alifundisha darasa la sita miaka kumi na tisa, kisha akaja London kuwabadilisha wazee nguo. Mie humwita Manang, yaani dada mkubwa. Yeye huniita ading, mdogo wangu, ijapokuwa amenizidi miaka mitano tu na mie nimemzidi kilo thelathini. Kiilokano changu kinaishia hapo. Tunazungumza Kiingereza, kila mtu na lafudhi yake, na hapa nakigeuza Kiswahili ili msije mkatucheka.

Jumatano na Jumapili nilikuwa nikisoma kwenye meza ya jikoni kwake. Hakuwa mwalimu wa kusifu. Ukipata, anageuza ukurasa. Ukikosa, anakupa lile lile tena, na tena, huku akikata mabilingani na bamia za kupika na samaki wao waliochacha, ambao harufu yao ingemfukuza hata yule mwenye nyumba wa Wembley. Sikuwahi kusomeshwa hivyo. Shule yangu mie iliishia darasa la tano, Unguja, mwaka wa sabini na sita, siku mama alipojifungua pacha na mtu akatakiwa wa kuwashika. Hakuna aliyenidhulumu. Hilo ndilo linalochosha, huna hata wa kumnunia.

Basi, Jumatano moja ya mwezi wa sita mama yake Manang akafariki huko kwao, ana miaka themanini na nane. Manang asingeweza kwenda. Pasi yake ilikuwa serikalini, anasubiri viza mpya. Alhamisi asubuhi nikajitwika sufuria ya wali, nikaenda.

Kwetu mwanamke haingii msibani akakaa kama mgeni. Unavua viatu, unafunga kanga kiunoni, unaitafuta kazi kabla hujaambiwa. Mlango haukufungwa, Manang alikuwa amelala juu. Nikaitazama sakafu: makombo ya mkate, punje za mchele, majani ya chai, nywele. Nikajisemea maskini, hata nguvu za kushika ufagio hana. Nikafagia. Nilifagia sebule, jikoni, ngazi yote mpaka chini, nikasogeza friji nikafagia nyuma yake, mahali ambapo naamini hapakuwahi kuona ufagio tangu friji lifike. Nikafunga taka kwenye mfuko, nikatia pipani, nje mbele ya nyumba. Kisha nikasimama na ufagio wangu nikingoja dua.

Manang akashuka. Alipoona sakafu alishika ukuta.

"Nani amekwambia ufagie?"

Alisema polepole, kama anavyomuuliza mzee aliyejikojolea. Nikamjibu hakuna, nimejituma mwenyewe. Ndipo akaniambia. Kwao, tangu mtu akate roho mpaka azikwe, nyumba ya wafiwa haifagiwi. Ukifagia unawafagia waliobaki, na mmoja wao atamfuata aliyekwenda. Haidhuru maiti yuko upande mwengine wa dunia. Nyumba ya mtoto wake nayo ni nyumba ya msiba. Na Manang ana mtoto mmoja tu, Rogelio, baharia, na saa ile alikuwa melini.

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu umenilea tangu utotoni, nimepigwa nao na nimekula nao, na nikitishika hukimbilia mzaha. Nikamwambia, "Manang, vumbi la Hounslow litapanda vipi meli?"

Akaninyang'anya ufagio. "Nenda kwako, Jokha." Hakusema ading. "Na Jumapili usije."

Jioni nilifungua daftari peke yangu. Mgonjwa anatakiwa apewe miligramu mia na ishirini na tano. Dawa ina miligramu mia mbili na hamsini katika mililita tano. Atapewa mililita ngapi? Nilipata kumi. Nikarudia, nikapata kumi tena, na mgonjwa wangu akafa mara mbili. Nikafunga daftari nikawa namkasirikia Manang: mwalimu mzima wa darasa la sita, anajua sehemu na asilimia, anaogopa ufagio. Halafu nikamkumbuka mama yangu, ambaye katika maisha yake hakufagia usiku hata siku moja. Mie mwenyewe sifagii usiku mpaka leo, na ukiniuliza kwa nini nitakwambia ndivyo, wacha maswali. Nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni. Yale makombo hayakuwa uvivu wala uchovu. Alikuwa anayaruka makusudi, siku ya pili ile, akimlinda mwanawe kwa njia pekee aliyokuwa nayo huku ughaibuni, nami nikamfungia kwenye mfuko nikamtupia.

Asubuhi nachemsha chai nikakumbuka leo Ijumaa. Gari la taka mtaani kwa Manang hupita Ijumaa.

Mwanamke wa umbo langu hakuumbiwa kukimbia, lakini nilikimbia. Nilipokata kona gari liko nyumba ya tatu kutoka kwake, linaguguna. Nikalifunua pipa, nikajitumbukiza mpaka kiunoni. Mmoja wa wale vijana wa gari akasimama kunitazama, akaniuliza, "Mama, umepoteza pete?"

"Nimepoteza mwalimu," nikamwambia, na nikatoka na mfuko.

Manang alifungua mlango akiwa na nguo za jana. Sikumwomba radhi, maneno yangu alikwisha kuyasikia jana na hayakumfaa kitu. Nilipiga magoti nikafungua mfuko nikaanza kuzirudisha. Za ngazini ngazini, za sebule sebuleni. Friji nikalisogeza tena, za nyuma ya friji nikazirudisha kwao. Alinifuata chumba kwa chumba, mikono kifuani. Tulipofika jikoni akaonyesha kwa kidole cha mguu.

"Hilo ganda la chungwa si letu."

"La jirani. Nilikuwa na haraka."

"Mambo hayaendi hivyo, Jokha. Ukishafagia umefagia."

"Najua," nikasema. "Lakini njia nyengine sina, na kuondoka siondoki."

Akakaa kwenye ngazi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani nimemliza, kumbe anacheka. Akacheka mpaka ikawa kilio, na kilio kile ndicho cha kwanza tangu apigiwe simu. Nilikaa ngazi ya chini yake, katikati ya makombo, nikamngoja. Alipomaliza akaniuliza kama ule wali wangu ulikuwa na nazi.

Msidhani masomo yalirudi siku ile. Nyumba ile ilikuwa ya sala. Kila jioni wanawake wa kwao walikuja na rozari zao, wakapita juu ya taka bila kuzitazama, kama ilivyo adabu. Mie Muislamu, rozari siijui, ila kukaa matanga najua. Nilipika chai, nikaosha vikombe, kisha nikakaa pembeni jikoni na daftari langu, sikumuuliza mtu swali. Nilikosa peke yangu, nikafuta, nikakosa tena. Jumatatu Manang alipita na sinia ya vikombe, akatua kidole kwenye mstari wa pili, akaenda zake. Niliutazama mstari ule robo saa mpaka nikaona: nilikuwa nazidisha pale pa kugawa. Mililita mbili na nusu. Mgonjwa akafufuka. Jumanne kidole kilitua mara tatu. Jumanne hiyo hiyo Rogelio akapiga simu kutoka bandarini Santos, mzima, analalamikia chakula, na Manang akamsikiliza huku amefumba macho. Jumatano akavuta kiti akakaa.

Maziko yalipangwa Ijumaa, tutayaona kwenye kompyuta. Alhamisi nikamuuliza, baada ya maziko, kwao hufanywa nini? Akaniambia kuna gulgol. Asubuhi ya pili yake wafiwa huteremka mtoni, huchomwa mabua ya mpunga, majivu yakatiwa kwenye maji pamoja na mvinyo wa miwa, na mwanamke mtu mzima akawaosha nywele mmoja mmoja, ili huzuni iende na maji. Akasema hata hivyo haina haja. Mto hapa hakuna, mabua hakuna, jamaa hakuna. "Na asubuhi hiyo wewe una mtihani."

"Mtihani saa nne," nikamwambia. "Saa kumi na mbili na nusu kichwa changu hakina kazi."

Mzee Mohinder ana duka la vyakula vya wanyama barabara kuu. Kalasinga wa Kisumu, aliyeondoka Kenya na Kiswahili chake chote. Nikamuulizia mabua. Akanipima kwa macho.

"Sungura wako ni wangapi, mama?"

"Sina sungura. Nataka kuchoma."

"Kuchoma nini?"

"Mabua, Mzee Mohinder. Ni ya kuoshea nywele."

Akaweka mfuko juu ya kaunta, akaushika, hataki kuuachia. "Mimi nimeuza hii kitu miaka ishirini. Nywele sisi tunazijua kuliko watu wote, na hiyo sijasikia."

Nikamweleza ni ya mfiwa. Akauachia, akasema niende nayo tu.

Manang aliyanusa, akasema ni mabua ya ngano, ya sungura wa Kizungu. Nikamwambia mto nao utakuwa wa bomba. Likabaki la mvinyo. Pombe mie siishiki, hata kwa ajili yake. Tukatazamana. Kisha akafungua kabati akatoa chupa ya siki ya kwao, nyeusi kama kahawa. Mvinyo ule ule wa miwa, akasema, ukiachwa ukachacha ndio huwa siki hii. Siki naishika mchana na usiku. Alifikiri kidogo, akasema mama yake hakuwa mnywaji na pengine hii ndiyo angeichagua.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa uani. Nikachoma mabua kwenye kikaango kibovu, nikachanganya majivu, siki na maji ya uvuguvugu ndani ya beseni. Manang aliinamisha kichwa. Nimeosha vichwa vya wazee kwa mamia, Waingereza, Wahindi, najua kumkinga mtu macho kwa kiganja. Lakini kichwa kile mikono yangu ilikiogopa. Maji yalimwagika meusi kwenye majani. Hakulia. Aliongea akiwa ameinama, sauti inatoka chini ya nywele.

"Baba alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Mama, Nanang wetu, alituosha mtoni asubuhi, sote watano. Kisha akaniambia niende shule. Nikamwambia nywele mbichi, watanicheka. Akasema, wakicheka wewe soma." Nikamsuuza. "Sikukosa shule hata siku moja baada ya ile. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa moja na robo."

"Basi nenda. Mikono utaifutia njiani. Na usiniage, ading, na mie sikushukuru. Kwetu kwa jambo hili hatushukuriani."

Nilikwenda. Ndani ya basi watu walinisogelea kisha wakasogea mbali, maana nilinuka moshi na achari. Chumbani mwa mtihani msichana wa mbele yangu aligeuka mara mbili. Majivu yalikuwa ndani ya kucha zangu zote kumi. Nilipogeuza karatasi swali la kwanza lilikuwa la sehemu, la pili asilimia, la tatu sikulielewa, nikaliruka bila kulinunia, la nne likanipa mgonjwa na chupa ya dawa. Saa na nusu sikuinua uso. Aliyesimamia aliponiambia muda umekwisha, nilikuwa naandika bado.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na moja. Nilihitaji sitini kwa mia. Nimepata sitini na moja. Nilipiga kigelegele ngazini mpaka jirani akafungua mlango, kisha nikaipeleka barua kwa Manang nikiwa nimevaa kanga mpya. Aliisoma yote, mpaka anwani ya chuo. Akavua miwani.

"Thelathini na tisa ziko wapi?"

"Manang, nimefaulu. Mwezi wa tisa naanza."

"Nimeona umefaulu. Na huyo mgonjwa wa thelathini na tisa, utamwambia nini?"

Akasogeza mabilingani pembeni ya meza, akapafuta kwa mkono, akaniambia nikae. Nikavuta kiti nikatoa daftari.