Springi za Pikapu ya Kokoto

Watu walimwita Kokoto, na si kwa sababu tu alikuwa akibeba kokoto kwenye pikapu yake kuwapelekea wajenzi. Mkewe aliwahi kusema kwamba jina hilo lingemfaa hata kama angekuwa anauza maua.

Asubuhi hiyo ya Jumatano Kokoto alikuwa gereji, mikono kiunoni, amekunja uso, akiitazama miguu miwili iliyotokeza chini ya gari lake. Miguu ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa magari. Wiki mbili nzima Kokoto alikuwa amemkwepa, akazunguka kwa mafundi wengine, maana alijua akija hapa atachekwa. Na kweli, alikuwa anachekwa. Kicheko kilitoka chini ya gari, kikatulia, kikaanza upya.

"Unacheka nini huko?" Kokoto aliuliza.

"Hamna kitu, shemeji. Nipe dakika moja nimalizie."

Jambo lililomleta halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Miezi miwili nyuma mkewe alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Daktari aliwaambia wote wawili, ana kwa ana, kwamba mama huyu lazima aje hospitali kila Jumatatu na kila Alhamisi kufanya mazoezi ya viungo. Akizoea kukosa, mguu wa kushoto utabaki unaburuta hivyo hivyo mpaka uzee. Basi Kokoto akawa anampeleka mwenyewe. Jirani alipomshauri akodi teksi, alifoka: mtu mwenye gari lake amkodie mkewe gari la mtu mwingine, kwani amerogwa?

Lakini kila safari mkewe alishuka garini polepole, kashika kiuno, rangi imemtoka. Kokoto akaona gari linahitaji kuongezewa vitu. Akaenda dukani, akaomba shokapu, vile vyuma vya kupunguza mtikisiko, bora kuliko zote. Muuzaji akamtolea zile za kazi nzito, nene kama mapaja. Zikafungwa, na gari likaanza kurukaruka. Kokoto hakukata tamaa. Akarudi dukani, akanunua raba za kugongea, zile zinazofungwa chini ya fremu ya gari, juu ya ekseli, ili gari likizama kwenye shimo chuma kisigonge chuma. Alichagua ndefu kuliko zote, kwa hesabu yake kwamba raba ni kitu laini, na raba nyingi ni ulaini mwingi. Fundi aliyezifunga hakusema neno, alifunga tu.

Juzi Jumatatu wakaenda hospitali na raba mpya. Waliporudi, mkewe alishuka, akaegemea mlango mpaka pumzi zikamrudia, akasema, "Sipandi tena gari hili. Mguu na ubaki kama ulivyo." Akaingia ndani, akalala na viatu.

Kesho ilikuwa Alhamisi. Ndiyo maana Kokoto alikuwa amesimama hapa akichekwa.

Shemeji alijiburuta akatoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho nacho kilihitaji kufutwa. "Shemeji, njoo uchungulie. Ingiza mkono wako hapa, kati ya raba na ekseli."

Kokoto akachuchumaa, akajaribu. Hata kidole hakikupita.

"Hapo panatakiwa pawe wazi, mkono mzima upite," shemeji alisema. "Springi ipate nafasi ya kucheza kwanza, raba ije kusaidia mwishoni kabisa. Wewe raba zako zimeshagusa gari likiwa limesimama. Kila kijiwe unachokanyaga kinapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Halafu hivi vyuma viwili vya juu kwenye springi ni vya nani?"

"Vyangu. Niliviongeza mwaka juzi ili libebe mzigo zaidi."

"Ala! Basi gari hili halina springi, shemeji. Lina benchi. Umempakia dada yangu kwenye benchi."

Kokoto alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwasha. Wiki mbili kahangaika, kanunua vitu vya maana, vya dukani, vyenye boksi, halafu anaambiwa benchi! "Mbona mimi nakaa humo humo kila siku na siumwi?" alisema. "Gari halichagui. Kama ni gumu, gumu kwetu sote."

Shemeji alimtazama, safari hii bila kucheka. "Umewahi kukaa upande wa abiria?"

"Wa nini? Gari ni langu."

"Basi lete ufunguo. Leo utakaa kule, naendesha mimi, mpaka geti la hospitali na kurudi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hakuna mtu aliyewahi kuendesha pikapu ile isipokuwa Kokoto. Hata siku alipoumwa homa ya kutetemeka, mizigo ilisubiri. Akakataa katakata. Shemeji naye akatupa kitambaa juu ya boneti, akasema vizuri, basi na yeye haligusi, na kesho Kokoto ajue la kumwambia daktari.

Kokoto akasimama. Akautoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino.

Wakaondoka. Tuta la kwanza lilikuwa palepale mbele ya duka la vyuma, na Kokoto alilijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Lakini huku hakukuwa na usukani wa kujishikiza wala breki ya kukanyaga. Alikuwa bado anatafuta mkanda gari lilipogonga. Akarushwa, akatua, akajing'ata ulimi.

"Polepole, bwana! Unataka kuniua?"

"Huu ndio mwendo wako, shemeji. Dada kaniambia hapa unapita na gia ya tatu."

Tuta la pili. Kokoto akainua mkono kushika mpini wa juu ya mlango, akashika hewa. Mpini uling'oka zamani na hakujisumbua kuurudisha, kwa kuwa yeye hakai upande huo. Akashika mlango, ukateleza. Likaja shimo la karibu na bomba la maji, ambalo yeye hulikwepa kwa kukata kulia ghafla, na shemeji akakata kulia ghafla. Bega la Kokoto likaenda kugonga mlango. Mkono wake ukakimbilia ukingo wa kiti, chini karibu na paja, ukapata pa kushika.

Palikuwa na tundu. Mshono wa kiti ulikuwa umeachia na sponji imechimbika kwa ndani, mashimo manne yamepangana. Vidole vyake havikuingia vizuri. Mashimo yalikuwa ya vidole vyembamba kuliko vyake.

Tuta la tatu lilipita, la nne likapita, uti wa mgongo wake mzima, usio na kidonda wala uzi wa daktari, ukalia kwa kila moja. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atazame nje dirishani asionekane. Kwenye geti la hospitali shemeji aliuliza, "Turudi?" naye akaitikia kwa kichwa.

Gereji walifanya kazi bila utani. Shemeji alilipandisha gari kwa jeki, akafungua springi, akavitoa vile vyuma viwili vya nyongeza. Zile raba ndefu zikang'olewa, zikafungwa fupi, laini, zilizoacha nafasi ya mkono mzima. Shokapu za kazi nzito zikatoka, zikarudi za kawaida. Kokoto alishika taa, alipitisha spana, na kila nati ilipogoma aliitukana nati kwa mambo ambayo hayakuwa ya nati.

"Lakini kuanzia leo nusu ya mzigo tu," shemeji alisema akikaza ya mwisho. "Ukijaza kokoto kama zamani, springi inavunjika."

"Nusu!" Kokoto alisema. Akafungua mdomo kubishana, akaufunga. "Haya. Nusu."

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mkewe alikuwa ameketi jikoni kwenye kiti kirefu, anakata vitunguu, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kokoto akamweleza yote kwa pupa: vyuma, raba, nafasi ya mkono, jinsi alivyokaa upande wa abiria akarushwa kama gunia. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa na lawama ndani, "Sasa mama watoto, kwa nini hukuniambia?"

Mkewe aliweka kisu chini.

"Nilikuambia. Siku ile ya kwanza kabisa, tulipofika kwenye duka la vyuma. Nilisema gari linaniumiza, punguza mwendo. Ukanijibu gari ni zima kabisa, mgongo wangu ndio mbovu."

"Mimi? Sikusema hivyo."

"Ulisema. Halafu ukaongeza sauti ya redio."

Kokoto alitaka kukana. Lakini redio aliikumbuka. Alikumbuka hata walikuwa wanatangaza mpira. Akakaa juu ya kizingiti.

"Kesho nitapanda," mkewe alisema, akachukua kisu tena. "Ila aendeshe mdogo wangu."

"Nimeshalitengeneza, nakuambia! Kiti ukikalia utadhani kitanda."

"Nimesikia, baba watoto. Aendeshe mdogo wangu."

Mbele mlikuwa na nafasi ya watu wawili tu. Alhamisi asubuhi shemeji alishika usukani, dada yake akapanda kando yake, na Kokoto, mwenye gari, akapanda nyuma na kukaa juu ya tairi la akiba kwenye vumbi la kokoto za wiki nzima. "Tena uzito wako huko nyuma utaisaidia springi," shemeji alimwambia kupitia dirisha. Majirani walikuwa wanatazama.

Wakaenda. Kwenye duka la vyuma shemeji alipunguza mwendo, gari likapanda tuta, likazama, likainuka tena taratibu. Kokoto alingoja kishindo, kishindo hakikuja. Tuta la pili vivyo hivyo. Kwenye shimo la bomba la maji walipita pembeni, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kupitia kidirisha cha kioo nyuma ya viti alimwona mkewe anaongea. Anaongea, anageuza kichwa, mkono mmoja hewani anaeleza jambo, halafu akacheka mpaka mabega yakatikisika, na mdogo wake naye akacheka. Safari zote za miezi miwili, kwenda na kurudi, mwanamke huyu hakuwahi kufungua mdomo humo ndani. Kokoto alikuwa amezoea kuwaambia watu kwamba mkewe si mtu wa maongezi barabarani.

Aliinua mkono agonge kioo, awaulize wanacheka nini. Akaushusha. Alijishika kwenye ubavu wa gari, akaendelea kumtazama mpaka wakafika getini.